Onja Kwanza Maji ya Kisima

Assalaam aleikum, wazee wangu, kina mama na vijana. Najua wengi wenu makao yenu ni hapa Mombasa, na ng'ombe wenu wa nyama wako Kinango, Mariakani au kule Taita. Mnawaona kwa mwezi mara moja. Basi niulize: nani kati yenu ameshaonja maji wanayokunywa?

Mwenye boma mmoja upande wa Kinango aliniita. Alinunua mawe ya chumvi yenye madini, akayatundika, ng'ombe wakayapita tu. Akaamini kauziwa bidhaa mbovu. Nikachota maji ya kisima kwa kiganja, nikatia mdomoni: chumvi tupu. Na chini ya mkwaju alisimama ng'ombe mwekundu, udenda ukimchuruzika, akitafuna mfupa mkavu wa mbuzi. Mchungaji akaniambia, "Huyo ndio mchezo wake."

Si mchezo, jamani. Huyo anatafuta fosforasi, madini yaliyomo kwenye mifupa. Majani yakikauka kiangazi, fosforasi hupungua sana. Mtamba anachelewa kupata joto la kupandwa, ndama anadumaa, na mama anayenyonyesha anatoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Tena mfupa wa mzoga huweza kubeba sumu ya botulizimu: misuli inalegea, ng'ombe analala, hainuki tena. Yapata miaka 100 iliyopita, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake huko Afrika Kusini waliwapa ng'ombe unga wa mifupa, na ile tamaa ya kutafuna mizoga ikapungua.

Sasa mbona jiwe hawakuligusa? Ng'ombe hajui kujichagulia kila madini anayokosa. Anachokitamani hasa ni chumvi. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya fosforasi, shaba, zinki na kobalti ndani ya chumvi, ili chumvi imvute. Akishakunywa chumvi yake kisimani, jiwe la nini? Kwa visima vyetu vya Pwani, hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu mtu anatumia pesa na mnyama hapati kitu.

Pale tuliacha jiwe. Tulichukua madini ya unga yenye fosforasi nyingi, tukayachanganya na pumba za mahindi na molasi kidogo, tukaweka kwenye hori lenye paa. Hata penye maji matamu, mimi napendelea unga: jiwe gumu ulimi hauliwezi vya kutosha.

Kisha pigeni hesabu. Someni mfuko, aina nyingi ni gramu 50 hadi 100 kwa ng'ombe mkubwa kwa siku. Tuseme gramu 80, ng'ombe 40: kilo 3.2 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 unakwisha kama siku 15. Ukikaa miezi miwili, hawali. Mwandikieni mchungaji tarehe ya kufungua juu ya mfuko wenyewe.

Shaba iende kwa uangalifu. Manyoya meusi yakigeuka rangi ya kutu, hasa kuzunguka macho, shuku shaba. Ipo sindano, na kipo kidonge kikubwa kinachokaa tumboni kikiyeyuka polepole, lakini daktari wa mifugo apime damu kwanza. Na kondoo wasiguse hori hilo. Shaba inayomfaa ng'ombe huweza kumuua kondoo.

Wenye kunenepesha maksai kwa pumba na mashudu ya nazi, hali yenu ni kinyume. Fosforasi mnayo tele, kalsiamu ndiyo haba, na maksai huishia kupata vijiwe vya mkojo: anajikamua, matone tu. Kwa kalsiamu hiyo, waongezeeni chokaa ya mawe iliyosagwa kwa ajili ya mifugo. Ile ya kupaka ukuta, hapana, inaunguza.

Tukikutana tena, kila mmoja aje na chupa ya maji ya kisima chake, na jina la kisima liandikwe ubavuni. Tutaanzia hapo.