Cherehani, Kirikuu na Tofali za Chanika

SHABANI: Haya, tumerudi. Da Rehema leo amekuja na daftari, mambo matatu ameyaandika na kuyapigia mstari. Lakini kafika hapa hajagusa hata chai. Dada, daftari litasubiri. Anza na Jumanne.

REHEMA: Jumanne alfajiri, natoka na ndoo, nasikia kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinarudi nyuma uchochoroni. Kwetu Mbagala gari haliingii uchochoroni saa kumi na mbili bila sababu. Vijana wawili, na dada mmoja mwenye faili. Wakaingia kwa jirani yangu, yule fundi niliyewaambia kwenye kipindi cha sare. Wakatoka na cherehani. Kichwa na meza yake, yote.

SHABANI: Kausha damu.

REHEMA: Kausha damu, hawa wa mikopo ya riba kubwa, marejesho kila siku. Na chini ya sindano, Shabani, kulikuwa na mkono wa shati la shule, umeshonwa nusu, uzi haujakatwa. Walipokuwa wanapita mlangoni bobini ikadondoka, ikabingirika hadi mtaroni, uzi mweupe unafuata nyuma. Mwenye shati ni mtoto wa darasa la tatu nyumba ya pili. Siku ile kaenda shule na fulana.

SHABANI: Alikopa kiasi gani?

REHEMA: Laki tatu. Mkononi akapewa laki mbili na sabini, elfu thelathini wameikata pale pale, wanaiita ya fomu. Marejesho elfu kumi na tatu kila siku, siku thelathini.

SHABANI: Laki tatu na tisini.

REHEMA: Siku kumi na tisa kalipa bila kukosa. Nimeiona kadi yake, kila siku sahihi. Piga hesabu.

SHABANI: Kumi na tisa mara kumi na tatu... laki mbili arobaini na saba.

REHEMA: Kapokea laki mbili sabini, karudisha laki mbili arobaini na saba, kisha kaumwa siku tatu, cherehani imebebwa. Bado wanamwambia deni ni laki moja arobaini na tatu, na faini juu.

SHABANI: Wasikilizaji, tuliweke sawa hili. Wakopeshaji wasiopokea amana, yaani hawatunzi akiba za watu, daraja la pili kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu ya Tanzania imewawekea ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni elfu kumi na mia tano. Huyu mama anadaiwa riba elfu tisini. Na anapunguza deni kila siku, kwa hiyo hizo hela hakukaa nazo mwezi mzima. Wiki ya pili ikiisha, karibu nusu ameshairudisha, lakini riba bado inahesabiwa kama vile laki tatu zote ziko kwake.

REHEMA: Nilimuuliza yule dada wa faili, leseni ya Benki Kuu iko wapi? Akanionyesha TIN.

SHABANI: TIN ni ya kodi! Hata muuza genge anayo.

REHEMA: Ndivyo nilivyomwambia. Akasema mkataba una mhuri wa serikali ya mtaa. Nikaangalia. Mhuri upo kweli, lakini ni wa barua ya utambulisho, kwamba huyu mama ni mkazi wetu. Wakaibana na pini nyuma ya mkataba. Jirani yangu siku zote alidhani serikali imeupitisha ule mkopo.

SHABANI: Hapo ndipo wanapotushika. Na wa kwenye simu ndiyo hawana hata ofisi ya kwenda kugonga. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na kibali. Hao hawabebi cherehani, wanabeba majina. Meseji kwa shemeji, kwa bosi, kwa shehe wako, kwamba fulani ni tapeli. Sasa dada, kabla hatujafika kwenye daftari lako, laki tatu zilikuwa za nini?

REHEMA: Kodi.

SHABANI: Ya chumba?

REHEMA: Chumba kimoja, elfu hamsini, mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Ndiyo laki tatu hizo. Na kwa kuwa walikata ya fomu, ilibidi aazime elfu thelathini kwangu ili itimie. Na haya yote, mdogo wangu, ana kiwanja Chanika. Ana tofali mia nne.

SHABANI: Tofali mia nne?

REHEMA: Mia nne. Za inchi sita.

SHABANI: Dada. Tofali kwetu ni elfu moja na mia tatu. Hiyo ni laki tano na ishirini! Mtu ana laki tano na ishirini imekaa juani Chanika, anakwenda kukopa laki tatu kwa kausha damu?

REHEMA: Nilijua utasema hivyo.

SHABANI: Ninasema kwa uchungu. Tofali hailipi hospitali. Homa ya mtoto saa nane usiku, utampelekea daktari tofali?

REHEMA: Na pesa ya kwenye simu, usiku huo itakuwepo? Sikiliza. Tangu nijue akili yangu hakuna mtu aliyekuja kwangu akaniambia, Rehema, niazime tofali. Pesa wanakuja. Mjomba anakuja, msiba unakuja, kitchen party inakuja. Tofali ukishaishusha kiwanjani imeshamalizana na ndugu. Kwa mwanamke asiye na mlango wa kufunga, ile ndiyo benki yake.

SHABANI: Benki inayoota ukungu. Zako za Kisemvule uliziangalia lini?

REHEMA: Mwezi uliopita.

SHABANI: Zilikuwa ngapi?

REHEMA: Usiingize zangu.

SHABANI: Naziingiza kwa sababu kipindi cha Idi ulisema umekuta pungufu ishirini na mbili. Mtu kajengea choo chake. Mimi na wewe tunafahamiana, nauliza kwa nia njema, ile ni akiba au ni sadaka?

REHEMA: Ishirini na mbili kati ya elfu moja na mia moja. Na nimeshaanza msingi, Shabani. Mwaka wa sita. Mwanangu akipita pale anasema nyumba yetu. Hasemi tofali zetu, anasema nyumba yetu.

SHABANI: Hilo nalielewa. Hata mama yangu alijenga hivyo hivyo, mfuko wa saruji kwa mfuko. Lakini yeye alikuwa na mazao ya kula. Huyu jirani ana sindano tu. Ninavyoona mimi, kwanza mtu awe na hela ya dharura. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa elfu mbili, elfu tatu kwa wiki, na mfuko wa jamii wa kusaidiana pembeni. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo hata mjomba akija, huwezi kulifungua peke yako. Ukipata shida unakopa kwenye kikundi, riba yenyewe inarudi kwenu mwisho wa mwaka mkivunja na kugawana. Tofali zije baadaye.

REHEMA: Yumo kwenye kikoba. Siku hiyo sanduku lilikuwa tupu, watu wote walikopa wakati mmoja, shule zinafunguliwa. Shida za maskini zina msimu, Shabani, zinatufikia wote wiki moja.

SHABANI: Basi angeuza tofali.

REHEMA: Alijaribu! Hilo ndilo hukulijua. Alimpata mtu wa hapo hapo Chanika, akamwambia mia tano kwa moja, na gari juu yako. Laki mbili kwa kitu cha laki tano. Mnunuzi akijua una shida, anakukadiria kwa shida yako.

SHABANI: Angezichukua zile laki mbili.

REHEMA: Apoteze laki tatu na ishirini?

SHABANI: Sasa hivi amepoteza cherehani, yaani mkono wake wa kulia! Tofali mia nne si nyumba, dada. Kati ya tofali mia nne na bati kuna miaka minane, na miaka yote hiyo kodi anaendelea kulipa. Mtu anajenga kesho huku leo inamla.

REHEMA: Na asipojenga? Kodi ndiyo iliyompeleka kwa wale watu, siyo tofali. Kila miezi sita laki tatu, na mwenye nyumba hapokei kidogo kidogo. Kinachomtoa pale ni paa lake mwenyewe, hata chumba kimoja, hata bila plasta. Ukimwambia auze tofali kila kodi inapofika, umemwambia apange mpaka azikwe.

SHABANI: Sijasema kila mara.

REHEMA: Itakuwa kila mara. Nimeishi pale.

SHABANI: Hapana dada, hapo hatukubaliani, na siwezi kukubali ili tu tusonge. Mimi nimeona watu wana kiwanja, wana kokoto, wana tofali, na wamelala na njaa.

REHEMA: Na mimi nimeona waliokaa na hela mkononi wakisubiri dharura, na dharura ikaja, ya watu wengine.

SHABANI: ...Haya.

REHEMA: Sikubali, Shabani.

SHABANI: Wala mimi. Naona wenzetu wa kipindi kinachofuata wameshafika mlangoni. Dakika tatu. Daftari lako lilikuwa na nini?

REHEMA: Kusoma mkataba kabla ya kusaini, kuvunja kikoba bila ugomvi, na mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yake.

SHABANI: Hayatoshi dakika tatu.

REHEMA: La halmashauri niliseme kwa haraka, maana watu wanadhani bado imefungwa. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba. Wanawake na vijana lazima muwe kikundi kilichosajiliwa. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, siyo kwa mtu anayesema anamfahamu afisa. Mengine sijui tutayasema lini.

SHABANI: Na ukisaini popote, ondoka na nakala ya mkataba. Jirani yako anayo?

REHEMA: Hana. Waliondoka na ile moja, nami niliisoma nimesimama, mkononi mwa yule dada.

SHABANI: Cherehani iko wapi sasa?

REHEMA: Kwenye stoo yao, Rangi Tatu. Nilipita jana, nikaiona dirishani. Shati bado limo.

SHABANI: Kesho mnakwenda serikali ya mtaa?

REHEMA: Saa tatu. Tuanze na mwenyekiti, atuambie kama anajua mhuri wake unatumika vipi, halafu tuandike malalamiko Benki Kuu.

SHABANI: Nitakuja. Ile kadi ya marejesho ipige picha leo leo, kila ukurasa, kabla hawajaiomba.