Mfuko wa Saruji Haungoji

Assalam aleikum. Mama zangu, baba zangu, nanyi vijana mliojazana mlangoni, karibuni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie malengo makubwa na namna ya kuyagawa. Najua mnangoja nianze na haba na haba hujaza kibaba. Methali ni ya kweli, ila kibaba chenyewe lazima kiwe kizima.

Mimi shughuli yangu ni ujenzi. Piteni Kisauni, piteni Likoni, mtaona misingi iliyoota majani na nguzo zilizochomoza vyuma vinavyoliwa na chumvi ya bahari. Wenyewe si wavivu. Wengi wao walilipanga jambo lao barabara: mwezi huu mfuko wa saruji, mwezi ujao mfuko mwingine, kazi ikichanganya, lori la mchanga. Lakini unyevu wa Mombasa mnaujua. Saruji ukiiweka chumbani miezi na miezi, hata ukiipandisha juu ya mbao, itaganda mumo humo mfukoni. Siku ya kumwita fundi unamkabidhi jiwe la kilo 50. Mchanga nao masika ishaupitia, na watoto wa jirani washaumaliza kwa michezo.

Mteja wangu mmoja, mama muuza mahamri na mbaazi, hakwenda njia hiyo. Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana ilipofika alinambia, "Fundi, nijengee choo na chumba kimoja, ukiezeke, nihamie." Ramani ilikuwa ya vyumba vinne. Tukajenga hicho kimoja, upande mmoja wa ukuta tukaacha mawe yamechomoza, ya kuungia chumba kitakachofuata. Akahamia, akaacha kulipa kodi alikokuwa amepanga, na pesa ile ile ya kodi ndiyo iliyojenga chumba cha pili.

Kwa hivyo lengo usiligawe kwa hesabu peke yake. Ligawe pale ambapo, hata ukikwama mwaka mzima kwa maradhi au kwa kazi kukatika, ulichokwisha kufanya bado kinakufaa.

Walimu wetu wa madrasa wanalijua hili zamani. Msahafu una juzuu 30, na hakuna mwalimu anayemwambia mtoto mdogo nenda ukahifadhi juzuu 30. Akishaishika Fatiha, hupewa Suratun-Nas, aya 6, na siku hiyo hiyo anaweza kuisalia. Kisha kabla ya kupewa mpya husomeshwa ya jana. Huko kudurusu ndiko tunakokusahau watu wazima. Tunapanga kwenda mbele tu, na nyuma kunabomoka.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Marekani waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Kazi ilikuwa kurasa 42. Kundi moja likaambiwa lilenge kurasa 6 kila kikao, jingine likaambiwa lilenge kuzimaliza zote 42 ikifika mwisho wa vikao 7. Mtasema ni yale yale, 6 mara 7. Wale wa kurasa 6 walikwenda mbio, wakajiamini, wakafika hata kuzipenda zile hesabu. Wale wa 42 hawakutofautiana sana na watoto wasiowekewa lengo lolote. Mimi naona siri si udogo wa kurasa: kila kikao mtoto wa kurasa 6 aliondoka amemaliza kitu.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja ameniambia anataka kufungua duka la simu. Nikamuuliza, Jumatatu asubuhi unafanya nini? Akajibu, naweka akiba. Akiba ni nzuri, lakini dharura moja nyumbani yaimaliza. Mwanangu, tafuta fundi wa simu pale Mwembe Tayari, umuombe ukae naye ujue kubadilisha kioo. Sema kabisa ni siku gani, saa ngapi, kibanda kipi, maana "wiki hii" haina mlango wala dirisha. Ukishajua kioo, jifunze betri. Duka lichelewe lisichelewe, ufundi huo tayari unakuingizia chochote.

Haya, maswali. Tuanze na dada mwenye mtandio wa kijani. Wenye maswali ya bei ya mawe tuonane nje.