Msuko Ukiuma, Fumua: Mazungumzo na Akina Mama wa Kadutu, Bukavu

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wasusi mliofunga saluni mapema ili mfike, asanteni.

Nianze na kitambaa. Mama akija kuniona, tunaongea kwanza habari za mtoto, za tumbo, za mgongo. Akiwa karibu kuondoka ndipo anafungua kitambaa. Juu ya masikio na kwenye paji la uso, nywele hakuna. Wengine wameshaambiwa wamerogwa. Hapana, mama. Hicho ni kipara cha kuvutwa.

Kila unywele una shina lake ndani ya ngozi. Unakua miaka 2 hadi 6, unapumzika kama miezi 3, unaanguka, mwingine unaota palepale. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Lakini msuko uliokazwa, tena ukabebeshwa meshi nzito, yaani nywele za bandia, unavuta lile shina usiku na mchana. Ngozi inavimba, vipele vinatoka pembeni mwa uso. Ukifumua wakati huo na kukipumzisha kichwa, nywele zinarudi, ingawa kwa miezi. Ukiendelea miaka na miaka, shina linakufa, panabaki kovu: ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu. Hapo hakuna mafuta ya sokoni yatakayoziotesha, hata muuzaji aape.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtoto wa miaka 6 anaambiwa, "Vumilia, utapendeza." Kichwa kinamwambia kweli. Ukihitaji kumeza dawa ya maumivu ili ulale na msuko wako, ufumue usiku huohuo.

Si kila kipara ni cha kusuka. Aliyejifungua, nywele zikimwanguka tele baada ya miezi 2 hadi 4, asiogope, kwa kawaida zinarudi zenyewe. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba huenda ana choa, na choa cha kichwani hakiponi kwa kupaka tu. Anahitaji dawa ya kumeza, wiki kadhaa. Na mama ambaye nywele zinamtoka utosini na mahali panazidi kupanuka, awahi hospitali, kwani upo ugonjwa unaoanza hivyo na kuacha kovu.

Wasusi, nawaomba: nywele changa za pembeni msizishike. Na kichwa kilichotoka kunyooshwa kwa dawa, msikisuke siku hiyohiyo.

Sasa tufunge mlango. Anayetaka afungue kitambaa, nitapita benchi kwa benchi.