Anza na Gunia la Makaa
Mhadhara kwa wanafunzi wanaojifunza kupiga picha, Jinja

Mzee mwenyekiti, walimu, wanafunzi, hamjambo. Ninyi mliobanana pale mlangoni, nimesikia mnaambiwa msogee mbele. Kwa ruhusa ya mwenyekiti, bakini hapo hapo. Nitawahitaji baadaye kidogo.

Mwanafunzi akishapata kamera, au simu yenye kamera ya maana, jambo la kwanza analoomba ni safari. Anataka simba wa Kidepo, maporomoko ya Murchison, gorila wa Bwindi. Mimi humwambia aanze na gunia la makaa, naye hudhani namtania. Lakini hebu fikirini. Simba utamwona kwa dakika chache, katika mwanga uliokukuta nao. Picha ikiharibika hujui kilichoiharibu: ni mkono wako, ni jua, ni kasi, ni umbali? Gunia la jirani liko pale pale kesho asubuhi na kesho kutwa. Unabadilisha jambo moja, mengine yote unayaacha yalivyo, kisha unaziweka picha mbili pamoja na kuzitazama. Kitu cha kila siku kinakufundisha kwa sababu kinakubali kurudiwa.

Basi twende kwenye makaa yenyewe. Weka kamera kwenye otomatiki, sogea hadi makaa yajaze fremu yote, piga. Halafu nenda kwa muuza unga wa posho, yaani ule mweupe wa mahindi, mwombe ruhusa, jaza fremu kwa unga mtupu, piga. Zitazame zote mbili. Makaa yametoka ya kijivu, na unga nao umetoka wa kijivu! Kamera haijui makaa ni nini wala unga ni nini. Imeundwa ikiamini kwamba vitu vilivyo mbele yake, kwa wastani, hurudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaoviangukia. Ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga, ikiona weupe mwingi inapunguza. Simu za siku hizi hujaribu kukisia kilicho mbele yao na kujisahihisha, lakini nazo hudanganyika. Dawa ni ile alama ya kujumlisha na kutoa iliyo kwenye kamera: unga uongezee hatua moja au mbili, makaa yapunguzie. Katika simu nyingi unagusa kioo pale unapotaka, kialama cha jua kinatokea, unakiburuta juu au chini.

Sasa hamisheni somo hilo kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti. Wanaume wamejipanga, kanzu nyeupe, ngozi nyeusi, jua kali. Kamera inaona weupe, inapunguza mwanga, na nyuso zinatoka kama zimepakwa masizi. Mpiga picha anashtuka, anaongeza mwanga sana. Nyuso zinapona, lakini kanzu sasa hazina mkunjo wala mshono, ni weupe mtupu. Hapa dijitali haina huruma. Kile kihisi kinachopokea mwanga ndani ya kamera kikishajaa kimejaa, hakuna programu ya kurudisha uzi ambao haukurekodiwa. Upande wa giza ndiko mara nyingi unaweza kuvuta kitu. Kwa hiyo linda kanzu kwanza, nyuso utazifungua baadaye. Na kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha kabla kamera haijaibana, ihifadhi hivyo: JPEG, ile faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ila njia ninayoipenda zaidi haihitaji kompyuta. Waombe wazee wasogee chini ya mwembe.

Msije mkaambiwa kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Ugumu uliwekwa na watu. Kwa miongo mingi Kodak iliwapelekea waosha picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi zote zikapimwa kwa ngozi yake. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi filamu ilivyokuja kurekebishwa: shinikizo kubwa lilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu. Nyie mna kamera inayowaonyesha kosa papo hapo kwenye kioo, hamna sababu ya kukubali uso uliopotea.

Haya, watu wa mlangoni. Wengine wote geukeni muwatazame. Mwangalieni huyu dada mwenye sweta ya kijani. Mwanga unaomfikia umeshagonga ukuta wa jengo la jirani, kwa hiyo umelainika. Shavu la nje linang'aa, la ndani linaingia kivulini taratibu, na ndani ya jicho kuna nukta ya mwanga. Dada, geuza uso nje kidogo. Asante. Mmeona kivuli cha pua kilivyopungua? Kaka uliye nyuma yake, wewe umesimama hatua mbili tu ndani, na tayari mwanga umeshuka sana. Kila nyumba hapa Jinja ina mlango, na mtu anayetaka kujifunza picha za sura ana studio yake.

Nje ni habari nyingine. Tuko karibu kabisa na ikweta, na kwa saa zetu za ukutani jua hapa hufika juu zaidi karibu na saa saba kasoro, si saa sita kamili. Mwezi wa tatu na wa tisa linasimama utosini. Macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Vitabu vingi vinakwambia usipige picha saa hizo, na vimeandikwa na watu wa nchi za jua la chini. Nami nasema piga, lakini tazama ardhi. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga juu, unapenya chini ya kidevu na kuujaza uso kwa rangi ya joto. Msimamishe mtu kwenye kivuli cha kibaraza, mbele yake kukiwa na uwanja wa murram, huo udongo mwekundu wa changarawe, unaopigwa na jua. Miavuli ya sokoni, kinyume chake, iogopeni: chini ya mwavuli mwekundu mama, nyanya na vitunguu vyote vinakuwa vyekundu, na chini ya turubai la bluu samaki mzuri anaonekana ameoza.

Jioni huku haikai. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, mwaka mzima, na kwa kuwa linashuka karibu wima, giza linaingia ndani ya dakika 20 na kitu. Kwa anayepiga picha kibanda cha rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, hizo dakika ni mali. Mapema mno, balbu ya muuzaji haionekani. Ukichelewa, anga limekuwa jeusi na balbu inachoma picha. Katikati kuna kipindi kifupi ambapo anga la bluu na balbu ya njano vinalingana nguvu, na mvuke wa mayai kwenye chapati unaonekana. Ukikosa, muuzaji yuleyule atakuwepo kesho. Mnunulie rolex lakini, usimfanye sanamu ya bure.

Kasi, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, nitaipitia haraka, maana inajifunzwa kwa miguu. Simama kwenye kona, weka kasi ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, ifuate bodaboda kwa kiuno chako chote huku ukipiga. Nyingi zitaharibika. Moja itatoka, dereva yuko wazi na mji nyuma yake umekuwa mistari. Bwawa la umeme na daraja msivipige picha, waachieni askari wanaovilinda, sitaki kuja kumtoa mtu polisi.

Na watu waombeni ruhusa. Kwa mtoto, mwombeni mzazi au mlezi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inataka ridhaa yao kwa taarifa za mtoto. Mama wa sokoni akisema hapana, mwambie asante nyabo, yaani asante mama, kisha nunua nyanya zake kama ulivyokusudia.

Mtu ataniuliza, makaa na chapati zina thamani gani? Mwaka 2015 zilipatikana negativu kama 70,000 katika Shirika la Utangazaji la Uganda, nyingi za enzi za Idi Amin, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho, Kampala. Ni kazi ya wapiga picha wa serikali: hotuba, ziara, mikutano. Ukitaka kuona watu walivyokaa nyumbani kwao, utamshukuru zaidi Musa Katuramu wa Mbarara, aliyewapiga picha ndugu, marafiki na wenzake kuanzia miaka ya 1930.

Kazi ya wiki ijayo ni hii. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani, sufuria, dumu la maji, baiskeli ya matoke, akipige asubuhi, mchana na jioni, mahali palepale, kutoka umbali uleule. Msiniletee picha nzuri tu, leteni zote. Kamera huandika saa, kasi na ISO (kipimo cha wepesi wake wa kuitikia mwanga) ndani ya kila faili, nasi tutavisoma pamoja. Kwa hiyo hakikisheni saa ya kamera ni sahihi, na mkinitumia kwa WhatsApp tumeni kama hati, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa na maelezo hayo yote yanafutwa.

Nani ana swali? Wewe kaka wa mlangoni, anza.