Usilipe bei ya tembe kwa pora

Haya jamani tukae, na nyie wa nyuma simu wekeni mfukoni maana hii nimeshaisema mpaka nimechoka na bado kila mwezi mtu ananijia analia, mama nilinunua tembe kumi, majike wachanga wa mayai, kumbe saba ni pora, majogoo wachanga. Leo nasema tena. Kuku hajafika wiki nane, hujui rangi za wazazi wake (maana kuna rangi zinazomtaja kifaranga ni jike au dume), basi usimlipie bei ya tembe. Lipa bei ya kifaranga, ukipata jike ni bahati yako.

Nataka kuanza na wiki ya kwanza lakini tukimaliza mambo ya mayai, maana naona dada pale kashanyoosha mkono, na najua utauliza nini, yai lililochongoka linatoa jogoo na la duara linatoa jike, si ndo? Sasa nisikilize. Kuku wako yule mweupe anataga mayai ya ncha, leo ncha, kesho ncha, mwaka mzima ncha, kwa sababu umbo la yai linatokana na njia yake ya kutagia. Basi ingekuwa kweli asingewahi kuangua jike hata mmoja! Umewahi kuona? Na hiyo imani ni ya zamani kuliko bibi zetu, Aristotle kule Ugiriki aliandika yai refu la ncha ni jike, akaja Columella wa Roma akaandika ncha ni jogoo. Wakubwa wale hawakuelewana na wewe unakuja kubishana na mimi. Jinsia kwa kuku inatoka kwa mama, sio kwa jogoo kama ilivyo kwetu kwamba inatoka kwa baba, na inakuwa imeshaamuliwa kabla hata ganda halijawekwa. Umbo haliwezi kukuambia kitu. Na yule anayemning'iniza kifaranga miguu juu aone kama anatulia au anarusharusha, mwacheni kifaranga wa watu apumzike.

Sasa upanga, ile nyama nyekundu ya juu ya kichwa. Hapa ndo watu wanalizwa na mimi nimelizwa. Mwaka ule naanza nilinunua kuku 20 wa wiki sita, muuzaji ananiapia kwa Mungu wote tembe, ananiinulia mmoja mmoja, ona mama, upanga mdogo, hata hauna wekundu, nami nakubali kichwa tu kama mjusi. Nikajenga na viota kabisa, nikaweka na majani, nikaanza kupiga hesabu ya trei. Wiki ya kumi hivi, alfajiri, nasikia sauti bandani kama mlango usiopakwa mafuta. Nikasema moyoni aa mmoja sio mbaya, kundi linahitaji jogoo. Kesho yake watatu. Mwisho wa mwezi wako 13, banda zima linawika mpaka jirani ananiuliza mama umefungua kwaya? Kumbe walikuwa na damu ya Kuchi, ile aina ya kuku wa kienyeji! Na Kuchi upanga wake ni mdogo umelala kichwani, hata jogoo mzima haumsimami kama wa kuku wengine, kwa hiyo kumtambua kwa upanga ni kujidanganya. Yule bwana sijui alijua au na yeye hakujua, sikumpata tena.

Upanga unafaa kwa vifaranga wa mama mmoja, umri mmoja, ukiwalinganisha wao kwa wao. Wiki ya tano, ya sita, pora anaanza kuwa mwekundu upanga na ndevu, zile nyama za chini ya mdomo, miguu minene, wenzake bado wamepauka. Lakini ukishaletewa tenga la mchanganyiko sokoni, huyu wa wiki sita huyu wa tisa, utalinganisha nini na nini?

Kwa hiyo angalia kiunoni. Sio mkia, kiunoni, pale kabla mkia haujaanza. Kuanzia wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili pora anaota manyoya membamba marefu yenye ncha, kama jani la mchaichai, yanang'aa na yanaangukia pembeni. Tembe yake ni mapana, mwisho wa duara kama kucha ya kidole gumba. Lipanue kwa vidole ulione, usiangalie kwa mbali kama unaangalia ndege! Shingoni nako ni hivyohivyo lakini ukiwa na kishingo shingo yenyewe iko uchi utaangalia nini, na bukini hana mkia, ndo maana nasema kiunoni. Kidimu manyoya yamepinda, huyo msubiri awike au atage, mimi mwenyewe huwa nasubiri.

Muda unaenda, nilitaka kusema vifaranga wa siku moja. Kwa kifupi, wa mashine za kutotolesha wengine wanatambulika kwa manyoya ya bawa, ya majike ni marefu kwa mafupi na ya madume yote sawa, lakini ni kwa wazazi waliopangwa makusudi na ndani ya siku mbili tatu tu, kienyeji wako usijisumbue. Kuminya kifaranga nyuma uone kiungo cha jinsia, ile ya Wajapani wakina Masui na Hashimoto tangu miaka ya 1920, inataka mafunzo marefu, ukijaribu nyumbani utamtoa utumbo. Na mistari, jogoo mwenye mistari myeusi na myeupe anakuwa na doa jeupe kubwa kichwani akiwa kifaranga, hiyo nitaieleza siku nyingine.

Bwana wewe mwenye tenga, umekaa nalo mapajani tangu asubuhi, lete mbele. Umesema umeuziwa wote tembe? Haya, shika huyo mwekundu, mgeuze, kiunoni nimesema, sio mkia.