Chumvi Inapoifikia Nondo

MWANAIDI: Daraja la Nyerere pale Kigamboni tunalo tangu 2016, Tanzanite tangu 2022. Yote yamesimama kwenye maji chumvi. Kaka Baraka, zege na bahari vinaelewana?

BARAKA: Zege linaivumilia bahari. Nondo ndiyo haiwezi. Zege zima lina ualkali mkali, pH 12 na zaidi, na humo nondo hujivika utando mwembamba unaoizuia isishike kutu. Kloraidi za chumvi hupenya polepole, mwaka baada ya mwaka. Zikishafika kwenye nondo, utando unatoboka.

MWANAIDI: Lakini nondo za daraja ni nene. Kutu kidogo inazidhuru nini?

BARAKA: Kutu inajaa, dada. Inataka nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma ilichokila, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Utaona doa la kahawia, halafu ufa ulionyooka kufuata nondo. Gonga hapo kwa nyundo: palipoachana panalia kama debe tupu.

MWANAIDI: Na nguzo huoza chini kabisa, majini?

BARAKA: Wengi hudhani hivyo. Kule chini hewa ni haba, kutu inakwenda taratibu. Panapoumia ni pale maji yanapojaa na kupwa na mawimbi kurusha: chumvi, unyevu na hewa, vyote pamoja.

MWANAIDI: Kinga ni ipi?

BARAKA: Kwanza kabisa kava, ule unene wa zege linaloifunika nondo. Hapa nasisitiza, maana hesabu yake ni kali: ukipunguza kava kwa nusu, chumvi inafika kwa takriban robo ya muda. Chukua mfano: mchoro unasema milimita 75, biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, hazikuwekwa, nondo ikalala kwenye 40. Zaidi ya theluthi mbili ya muda wa kinga imekwenda, na kwa macho huoni kitu.

MWANAIDI: Si wazipake nondo rangi?

BARAKA: Florida Keys, Marekani, walizipaka epoksi, rangi ngumu ya kemikali. Kutu ikaonekana kwenye nguzo kabla ya miaka 10. Epoksi ilikwaruzika, na kwenye joto na unyevu ule ikaachana na chuma. Afadhali Progreso, Mexico: gati la 1941 lenye nondo za stenlesi limedumu, na jirani yake lililojengwa baadaye kwa nondo za kawaida limebomoka. Stenlesi ni ghali, basi ziwekwe angalau pale mawimbi yanapopiga.

MWANAIDI: Na daraja lililokwisha kujengwa?

BARAKA: Lipimwe mapema. Toboa kwa drili, chukua unga wa zege kila kina, maabara ionyeshe chumvi imefika wapi. Kama bado iko mbali na nondo, dawa ya kuzuia maji juu ya zege inasaidia. Ikishafika, kupiga plasta ni kuficha tu. Hapo ni kubomoa zege lenye chumvi, au kuipitishia nondo umeme mdogo wa kuzuia kutu, kama walivyofanya California kwenye daraja mwaka 1973. Umeme huo unataka mtu wa kuuangalia miaka yote, na mshahara wake uwemo kwenye bajeti ya daraja.