Riwaya Tatu Mezani na Ahadi kwa Msomaji

Ndugu Mwenyekiti, waandishi wenzangu, na nyinyi wasomaji mliokuja kutusikiliza, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya mwandishi wa riwaya anayejitegemea. Huyu hana mchapishaji wa kumlipia mhariri, hana mtu wa kumpangia tarehe, na aghalabu ana miswada miwili au mitatu inayomdai kwa wakati mmoja. Nitaanza na namna ya kuigawia miswada hiyo siku zako, kisha nitaingia katika kuwaendea wasomaji na kuwaomba wakuunge mkono. Wengi huyatenganisha mambo haya mawili. Mimi nayaona ni jambo moja, kwa sababu kila unachomwahidi msomaji kitalipwa kwa saa zako za kuandika.

Kuwa na riwaya tatu mezani si tatizo. Tatizo ni riwaya tatu zilizo katika hatua moja. Rasimu ya kwanza inataka akili iliyopumzika na saa zisizokatizwa. Marekebisho yanataka jicho kali, lenye kutilia shaka kila aya. Prufu, yaani nakala ya mwisho ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, inataka macho na subira, basi. Mwenye mswada mmoja katika kila hatua anaweza kuandika alfajiri, kurekebisha jioni, na kusoma prufu siku ambayo kichwa hakitoi kitu. Mwenye rasimu mbili za kwanza kwa pamoja hupata shida ambayo haoni mpaka imemea: sauti za wasimulizi zinaingiliana. Mzee wa kijijini katika riwaya moja anaanza kuzungumza kwa sentensi fupifupi za mpelelezi wa riwaya nyingine. Wahusika wawili wasiojuana, katika vitabu viwili tofauti, wanasita kwa namna ileile na kujibu swali kwa swali. Kasoro hiyo haitibiki kwa kubadili maneno matatu hapa na pale. Sura huandikwa upya.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni hii: rasimu ya kwanza iwe moja tu. Mswada wa pili uwe katika marekebisho, wa tatu uwe umelala. Mswada uliomalizika uache ulale wiki sita hivi kabla ya kuurudia, maana kabla ya hapo unasoma kile ulichokusudia kuandika, husomi kilichopo kwenye karatasi.

Sasa hesabu. Tuseme unalenga rasimu ya maneno 60,000. Ukiandika maneno 600 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata 3,000, nayo rasimu inachukua wiki 20. Ongeza robo kwa ajili ya homa, misiba na sura zitakazotupwa. Zinakuwa wiki 25, karibu nusu mwaka. Na hapa niseme neno juu ya idadi ya maneno. Ushauri mwingi ulioandikwa kwa Kiingereza hutaja riwaya ya maneno 80,000. Usikimbizane na namba hiyo. Kiswahili hufunga mengi ndani ya neno moja: “nitakapomwandikia” ni neno moja kwetu, Kiingereza hulihitajia maneno matano au sita. Pima kwa kurasa na kwa uzito wa kisa.

Utajuaje kama ni 600 kweli? Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, aliweka saa mbele yake akajidai maneno 250 kila robo saa, na akaweka daftari la kazi ya kila siku. Kasi yake mwachieni mwenyewe. Cha kuiga ni daftari. Andika tarehe, mswada upi, dakika ngapi, maneno mangapi. Baada ya wiki nne unaijua kasi yako halisi, na mara nyingi iko chini ya ile uliyokuwa ukijisifia. Tarehe yoyote utakayowatajia wasomaji itoke kwenye daftari hilo.

Kuhama kutoka mswada mmoja kwenda mwingine kuna gharama yake. Ukiuacha mswada siku 20, siku ya kurudi unapoteza asubuhi nzima ukijisoma upya. Dawa yake ni karatasi ya kurejea, inayoandikwa kabla hujafunga kazi wala si baadaye. Mfano wake ni huu: “Nimeishia dada mkubwa amesimama mlangoni, barua ameificha chini ya godoro. Mama hajui kuwa barua ipo. Kaka anajua ila anajifanya hajui. Tukio linalofuata: mama anatandika kitanda. Tahadhari: msomaji bado hajasikia jina la aliyeandika barua, lisitajwe kabla ya sura ya 9. Sentensi ya kuanzia: ‘Godoro lilikuwa zito kuliko siku zote.’” Mistari michache tu. Angalieni kilichomo: nani anajua nini, kitu gani kiko wapi, kipi kisitajwe, na sentensi ya kwanza imeshaandikwa. Mambo yanayovurugika zaidi katika miswada iliyohamwahamwa ni hayo hasa, yaani nani anajua nini na vitu viko wapi.

Wako wanaochagua kutoa hadithi ya kuendelea, sehemu moja kila wiki, huku wakiandika riwaya nyingine pembeni. Ni njia nzuri ya kupata wasomaji, lakini ina mtego. Mwaka 1837 Charles Dickens, Mwingereza mwingine, alikuwa anaandika riwaya mbili kwa pamoja, zote zikitoka sehemu kwa sehemu kila mwezi, naye akiziandika zilivyokuwa zinadaiwa. Mwezi Mei shemeji yake Mary Hogarth, binti wa miaka 17, alifariki ghafla. Sehemu za Juni hazikutoka, si ya riwaya ile wala ya hii. Kipaji alikuwa nacho. Akiba hakuwa nayo. Basi kama sehemu zako ni za maneno 1,200 kwa wiki, usitoe ya kwanza mpaka uwe na nane kabatini, na akiba ikishuka chini ya nne, simamisha riwaya ile nyingine mpaka ijae tena. Wasomaji huvumilia hadithi inayotoka kila wiki mbili. Isiyojulikana itatoka lini huwachosha.

Tuje kwa wasomaji. Msaada wa kwanza wa kuomba ni macho yao. Tafuta wasomaji wa awali watano hadi wanane, uwape rasimu iliyokwisha kurekebishwa mara moja. Usiwaulize kama wameipenda. Watakuambia ndiyo kwa sababu wanakupenda wewe. Waulize: ulisimama ukurasa gani ukaenda kufanya jambo jingine? Ni nani ulimsahau mpaka akatokea tena? Ni wapi ulijua kitakachotokea kabla hakijatokea? Watatu wakisimama karibu na ukurasa uleule, hapo pana ugonjwa, hata kama sababu wanazotoa hazifanani.

La pili ni kuwa na orodha yako mwenyewe ya wasomaji. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni mahali pa kukutana nao, lakini kampuni inayoumiliki ndiyo inayoamua nani aone ulichoandika. Kusanya anwani za barua pepe, kwa idhini ya wenyewe. Wanaotumia WhatsApp wakumbuke kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako; kwa hiyo anapojiunga, jambo la kwanza ni kumwomba aihifadhi. Barua moja kwa mwezi inatosha. Sitakaa zaidi hapo.

Nitakaa kwenye pesa, kwa sababu humo ndimo watu huharibikiwa. Msimamo wangu ni kwamba usipokee michango ya wasomaji ya kutolea kitabu ambacho rasimu yake haijaisha. Sisemi hivyo kwa ajili ya uadilifu peke yake, ingawa uadilifu umo. Ni hesabu ya karatasi.

Tuchukue kitabu cha ukubwa wa A5, yaani nusu ya A4, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi 32 za A5 zinajaza mita moja ya mraba, kwa hiyo kila karatasi ina gramu 2.5, na kila karatasi ni kurasa mbili. Mpiga chapa wa mitambo mikubwa hukunja karatasi pana kupata mafungu, aghalabu ya kurasa 16, hivyo idadi ya kurasa hupangwa igawanyike kwa 16. Kitabu cha kurasa 304 kina mafungu 19 na karatasi 152. Uzito wa ndani ni gramu 380. Weka jalada na bahasha, bado uko chini ya gramu 500. Sasa mwandishi aliyeahidi kabla ya kumaliza anakuta riwaya imenenepa ikafika kurasa 400. Karatasi ni 200, gramu 500 kamili, na bado hujaweka jalada. Posta hutoza kwa ngazi za uzito, na gramu 500 ni ngazi katika viwango vya posta nyingi. Nauli imepanda kwa kila nakala, na mchango ulishapokelewa kwa bei ya zamani. Isitoshe, kwa karatasi yenye unene wa milimita 0.1 hivi, mgongo wa kitabu umetoka milimita 15 ukawa 20. Jalada lililochorwa mapema halikai tena, jina la kitabu linapinda kuelekea upande mmoja. Mchoraji analipwa mara ya pili. Yote hayo yametokana na kuahidi kitu ambacho bado hakijulikani urefu wake.

Makato nayo yahesabiwe tangu mwanzo. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za kazi kama hizi, iliyoanza mwaka 2009, hukata asilimia 5 ya mchango uliofanikiwa, na malipo yenyewe hukatwa asilimia 3 hivi pamoja na kiasi kidogo kisichobadilika kwa kila muamala. Hicho kiasi kidogo ndicho kinachowala wenye kuchangisha senti ndogondogo: mchango ukiwa mdogo sana, sehemu inayomegwa huwa kubwa zaidi. Kwa msaada wa kila mwezi, wape wasomaji njia ya kulipa mara moja kwa mwaka. Na mfumo wa Kickstarter ni wa kupata yote au kukosa yote. Lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa kitu. Basi lengo liwe gharama ya chini kabisa ya kutoa kitabu, yaani uhariri, jalada, uchapaji, bahasha, nauli na makato, pamoja na akiba ya sehemu ya kumi. Muda wa mchango usizidi siku 30. Watu huchangia kwa wingi siku za kwanza na siku za mwisho, katikati hunyamaza. Weka kitu cha kuwaonyesha katikati hapo: sura ya kwanza, mchoro wa jalada, ukurasa mmoja wenye kalamu nyekundu ya mhariri.

Zawadi zipunguzwe. Nakala yenye sahihi, jina kwenye ukurasa wa shukrani, basi. Kila hadithi fupi ya ziada uliyoahidi ni rasimu nyingine ya kwanza, nasi tumeshasema rasimu iwe moja.

Na usiweke mwendelezo wa kazi mikononi mwa hesabu usiyoimudu. Mwaka 2000 Stephen King, mwandishi wa Marekani, alianza kutoa riwaya kwa sehemu kwenye intaneti, akiwaomba wasomaji walipe dola moja kwa sehemu za mwanzo kwa uaminifu wao, na kusema ataendelea iwapo asilimia 75 watalipa. Waliolipa walipungua, na baada ya sehemu ya sita akasimamisha. Aliyelipa kila mara kwa uaminifu alibaki na hadithi isiyo na mwisho, sawa na yule ambaye hakulipa kabisa. Linaniuma hilo, kwa sababu aliyeadhibiwa ni msomaji bora kuliko wote.

Kuchelewa kutatokea. Ukishajua umechelewa, andika wiki hiyohiyo, kwa maneno kama haya: “Kitabu kilipaswa kuingia mtamboni tarehe 1 mwezi huu. Hakikuingia, kwa sababu sura ya 14 na 15 zinaandikwa upya baada ya mhariri kuona kasoro katika mpangilio wa matukio. Tarehe mpya ni wiki sita kutoka leo. Anayetaka kurudishiwa mchango wake anijibu kabla ya mwisho wa mwezi.” Hakuna hadithi ndefu ya maradhi wala kuomba huruma. Wachache watadai pesa zao, nawe utazitoa kwenye ile sehemu ya kumi uliyoiweka kando.

Jambo la mwisho ni bahasha. Kama wachangiaji ni 200, usichapishe 200. Chapisha 220. Kuna nakala zitakazotoka na kurasa zilizogeuzwa au gundi isiyoshika, kuna zitakazopotea njiani, na kuna watu waliohama tangu walipochangia. Waulize anwani wiki mbili kabla ya kutuma, usitumie waliyoiandika siku ya mchango. Bahasha inayorudi iandikwe tarehe, mwenyewe aulizwe anwani mpya, na itumwe tena kwa gharama yako. Maswali sasa, tafadhali; nadhani kuna mama kule nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja nauli.